Kitambaa cha Darajani

Kile kitambaa cha darajani nilikishona mimi. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu najijua. Nikiachiwa nafasi nitaanza kulaumu bonde, lori, hali ya hewa na jirani, na mwisho wa yote nitaonekana mtu mwema.

Mimi ni fundi wa viti vya pikipiki. Kibanda changu kiko mwanzoni mwa daraja, hatua kama ishirini kutoka kijiwe cha bodaboda, na ndani yake mna cherehani ya miguu, marundo ya sponji, mabunda ya ngozi ya bandia, na mimi. Kiti kikiletwa asubuhi kimechanika, jioni mwenyewe anakikalia. Chema chajiuza, ndiyo maana sijawahi kuandika bango. Watu wananiita Mzee Pini kwa kuwa muda wote nina pini mdomoni. Wapo wanaosema ni kwa sababu nachoma. Hao huwa wanasemea mbali.

Daraja letu ni refu na limekaa vibaya. Limepita juu ya bonde jembamba, na upepo unaoshuka kutoka vilimani unabanwa humo, ukifika darajani unakuwa umeshakasirika. Huku kwetu kuna nyumba na vibanda. Ng'ambo kuna hospitali, kiwanda cha sabuni na soko kubwa. Kwa hiyo kila anayelala huku ana shida yake kule. Magari yanavuka bila kujali, lakini pikipiki ni habari nyingine, kwa sababu upepo haumpigi mtu usoni ambako anauona. Unampiga ubavuni.

Zamani, kabla hata sijafungua kibanda, waendesha pikipiki wenyewe walisimika bomba la chuma mwanzoni mwa daraja, juu wakafunga kipande cha shuka. Sheria yao haikuandikwa popote na hakuna asiyeijua. Kitambaa kikining'inia, vuka. Kikiinuka nusu, vuka bila abiria na bila mzigo mrefu. Kikinyooka, zima pikipiki ukae chini, hata kama anayekusubiri ni waziri. Atakayevuka kitambaa kimenyooka, hapakii abiria kijiweni mwezi mzima. Sheria hiyo imeokoa wengi, maana inamaliza ubishi. Mtu haulizwi kama ni mwoga, anaulizwa kitambaa kinasemaje.

Mpwa wangu, mtoto pekee wa dada yangu, alikuwa mmoja wa watu wa kijiwe hicho. Walimwita Taratibu. Abiria wenye haraka walimkwepa, lakini wajawazito, wagonjwa na wenye mayai walimsubiri hata nusu saa. Baba yake alifariki yeye akiwa hajaanza shule, kwa hiyo viatu vyake vya kwanza vya shule nilimnunulia mimi, na pikipiki yake ya kwanza alijifunzia kwenye uwanja ulio nyuma ya kibanda changu, mimi nikimfokea. Sina mtoto. Niliyekuwa naye ni huyo.

Kila mgeni aliyejiunga na kijiwe alipelekwa kwa Taratibu kufundishwa upepo. Nilikuwa nayasikia mafunzo hayo nikiwa kwenye cherehani, na ninaweza kuyasema nikiwa usingizini.

"Upepo haushindanwi nao," alikuwa akisema. "Unauegemea. Punguza mwendo kwanza. Magoti yabane tangi kama umepanda punda asiyekupenda. Kifua kishushe. Lakini mikono iache laini, maana ukiukaba usukani, kila upepo unaokusukuma wewe unausukuma na usukani. Kaa karibu na upande upepo unakotoka, ili ukisukumwa uwe na nafasi ya kusukumiwa. Sanduku la nyuma likiwa tupu, livue, litakuwa tanga. Na lori ndilo la kuogopa kuliko vyote. Likija ubavuni kwako linauziba upepo. Wewe ulikuwa umeuegemea, ghafla huna ulichoegemea. Unajirudisha sawa, na lori likimaliza kupita unarudishiwa upepo wote kwa mpigo."

"Na kiti?" nilikuwa namuuliza kutoka kibandani. "Katika mahubiri yako mbona kiti hukitaji?"

"Kiti cha mjomba hakina neno," alikuwa akijibu, na kijiwe chote kinacheka.

Hakina neno. Ndivyo alivyojibu siku zote, na mimi nilikuwa napenda kulisikia jibu hilo.

Sasa tatizo la shuka ni kuchanika. Kila baada ya miezi miwili upepo unakipasua kitambaa mpaka kinabaki nyuzi, na Mwenyekiti wa kijiwe analeta kipande kingine nikikunje kingo. Mwaka huu nikachoka. Kazi ya kuchanika inanitia aibu hata kama kitambaa si changu. Nikachukua ngozi ya bandia nyekundu, ile nene ninayofunikia viti vya wabeba magunia, nikakata urefu uleule na upana uleule, nikakunja kingo mara mbili, nikapiga mshono mara mbili, na penye matundu ya kamba nikatia pete za chuma. Nilishinda nacho siku nzima. Sijawahi kushona kitu kizuri namna ile.

"Hiki," niliwaambia kijiweni, "mtawarithisha wajukuu."

Wakapiga makofi. Mwenyekiti akakipitisha mkono kwa mkono. Kilipomfikia Taratibu, ambaye ndiye alikuwa akipanda nguzo siku zote, alikishika akakipima kidogo kwenye viganja, kisha akanitazama.

"Vipi?" nikamuuliza. "Kina neno?"

"Hakina neno, mjomba," akasema. Akapanda, akakifunga.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Siku ya kumi na moja baada ya hapo, asubuhi, mabati ya kibanda changu yalikuwa yanagonga tangu nilipofungua. Vumbi lilikuwa linavuka barabara kwa kulala. Niliweka jiwe juu ya mabunda yangu ya sponji yasiondoke, nikakaa nishone. Nguzoni, kitambaa kilikuwa kimeinuka nusu. Wawili watatu walivuka bila abiria, wakafika ng'ambo, tukawaona wakishuka salama.

Taratibu alipigiwa simu na mama mmoja aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha hospitali kila wiki. Alikuwa amemaliza matibabu na alikuwa anasubiri langoni. Mpwa wangu akavua sanduku la nyuma akaliacha kijiweni, akakaa kwenye pikipiki, akawasha. Hakuondoka. Alikitazama kitambaa muda mrefu, pikipiki inanguruma pale pale. Kisha akageuka akanitazama mimi.

Nikatoa pini mdomoni. Kwa kawaida huwa sizitoi, lakini utani ule niliuona mtamu.

"Unaangalia nini?" nikamuuliza kwa sauti, wote wasikie. "Nusu ni nusu. Au nije nikushike mkono nikuvushe?"

Kijiwe kikacheka. Naye akatabasamu, akafunga zipu ya koti mpaka shingoni, akaondoka polepole kama kawaida yake.

Dereva wa lori alitusimulia baadaye, akiwa amekaa chini kando ya barabara, hawezi kusimama. Alisema kijana alikuwa anakwenda vizuri, mwendo mdogo, amelalia upepo. Yeye akampita kwa mbali kadiri daraja lilivyoruhusu. Kwenye kioo akaiona pikipiki inainuka sawa, kisha ikarushwa upande wa pili kama imepigwa teke, ikaenda kwenye kingo za chuma. Alisema upepo ule hata lori lake uliliyumbisha. Alirudia mara nyingi kwamba hajawahi kuona pikipiki ikiwa darajani kwenye upepo kama ule. Hakuna aliyemsikiliza. Kitambaa kilikuwa nusu, na sisi wote tulikuwa tumekiona.

Tulimzika kesho yake.

Kifo kikitokea watu hutafuta mlango kilipoingilia. Angekuwa kijana mwingine tungesema mwendo kasi, sikio la kufa halisikii dawa, tukaenda zetu. Lakini Taratibu? Yeye aliyefundisha wengine? Ndipo jirani wa Taratibu na mkewe akasema kwamba asubuhi ile, wakati dada yangu ametoka kwenda kisimani, yeye jirani alisikia kelele ukutani. Mume na mke walikuwa wanagombana, na yeye, mume, ndiye alikuwa amepaza sauti, jambo ambalo hajawahi kulisikia katika miaka miwili ya ndoa yao. Basi. Habari ikatoka ukutani ikaja uani, ikatoka uani ikafika kijiweni, na ikawa ndiyo hiyo. Kijana aliondoka nyumbani na hasira, akaingia darajani kichwa hakipo.

Ningeweza kunyamaza. Mimi na kunyamaza hatujawahi kuwa marafiki. Siku ya tatu, sebule ya dada yangu imejaa watu, mke wa marehemu amekaa kwenye mkeka na kichwa chini, nikasema maneno haya:

"Mwanamke mwenye akili hampeleki mume barabarani na kelele masikioni. Upepo haukumuua mtoto wetu. Alitoka nyumbani ameshapigwa."

Yule binti aliinua uso akanitazama moja kwa moja. Alifungua mdomo, kisha akaufunga, akarudisha kichwa chini. Nikadhani nimemuweza.

Toka siku hiyo dada yangu hakuzungumza naye. Walikuwa wanaishi nyumba moja, vyumba viwili vinavyotazamana, jiko moja. Binti akipika, dada hali. Akisalimia, dada anajibu akitazama pembeni. Hakumfukuza, dada yangu si mtu wa kufukuza. Siku ya nane alimwambia tu, "Mama yako atakuwa anakukumbuka," na kila mtu akaelewa kwamba Jumapili binti atarudi kwao. Aliolewa akatoka kwao na sherehe, sasa angerudi na jina la mwanamke aliyemuua mumewe kwa mdomo.

Mimi nilirudi kazini siku ya kumi. Mikono ikikaa bure inaota kutu. Mchana upepo ukaanza tena, mabati yakagonga vilevile. Nilikuwa navuta uzi nikainua macho. Kwenye kingo za daraja kulikuwa na mfuko wa plastiki umenasa, umenyooka kama ubao, unavutika kama vile unataka kung'oa chuma. Juu yake, kwenye nguzo, kitambaa changu chekundu kilikuwa kimeinuka nusu, kinacheza kwa raha zake.

Niliangalia mfuko. Niliangalia kitambaa. Nikaweka mkasi chini.

Nyuma ya kibanda nina miti miwili ya kuanikia sponji. Kwenye mmoja nikafunga kipande cha shuka la zamani, maana situpi masalio, na kwenye mwingine nikafunga mabaki ya ile ngozi nyekundu, urefu uleule, upana uleule. Shuka likanyooka mara moja, moja kwa moja, halishuki. Ngozi ikafika nusu ikaishia hapo. Nikabadilisha miti, nikasema labda mti huu umekingwa na ukuta. Nikafupisha kamba. Nikangoja upepo upungue uje mwingine. Mtu mwenye kiburi anapima mara nyingi. Kila mara shuka lilisema simama, na ngozi yangu ikasema vuka.

Hapo nikakaa chini kwenye vumbi. Nilimwona mpwa wangu tena, pikipiki inanguruma, ananitazama. Nikajisikia nikisema yale ya kumshika mkono. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, na nilishukuru mabati kwa kugonga.

Nilipoweza kusimama nilichukua ngazi, nikakishusha kitambaa mwenyewe, nikafunga lile shuka mahali pake. Likanyooka. Mwenyekiti alikuja akaliangalia, akaniangalia, akawaambia wenzake wazime pikipiki. Hakuniuliza kitu. Nikakunja kitambaa nikakitia kwapani, nikaenda kwa dada yangu kwa miguu.

Njiani nilijipanga. Nitamwambia binti kwanza, kwa kuwa yeye ndiye niliyemchafua. Halafu dada. Nilijua dada akishasikia sitakuwa na ndugu tena. Wazazi wetu walituacha wadogo, yeye ana miaka kumi na minne mimi sita, na alinilea kwa kufua nguo za watu. Alikuwa amebakiwa na watu wawili duniani, mtoto na mdogo wake. Sasa nilikuwa nakwenda kumwambia kwamba mmoja amemuua mwenzake. Mara mbili nilisimama nikageuka. Mara ya pili nilifika hadi kona ya kurudi, ndipo nikakumbuka kwamba kesho ilikuwa Jumapili.

Dada alikuwa uani, ameinamia beseni la vyombo. Nilipita ndani. Chumba cha Taratibu kilikuwa wazi, mkewe ameketi kitandani anakunja nguo, begi limefunguliwa miguuni. Koti la pikipiki lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango.

"Shikamoo, mjomba," akasema. Baada ya yote yale, bado alinipa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu." Nilikitoa kitambaa kwapani nikakiweka kitandani, kati ya nguo. "Nimekuja kukuambia neno moja, na ukitaka kunitemea mate baada ya hapo, nitemee. Mume wako hakufa kwa sababu ya kelele zako. Amekufa kwa sababu ya hiki. Ni kizito mno. Kingekuwa shuka, siku ile kingekuwa kimenyooka na hakuna ambaye angevuka."

Hakukitazama. Alimaliza kukunja shati lililokuwa mkononi.

"Najua, mjomba."

"Unajua nini?"

"Kwamba ni kizito. Aliniambia siku ileile alipokifunga. Aliniambia, mjomba ameshona kitu kizuri sana, lakini hakiinuki."

Nikatafuta pa kukaa. Nikakaa kwenye kigoda cha mlangoni.

"Sasa mbona hakuniambia?"

Akalinyoosha shati kwa kiganja.

"Nakuuliza, mbona hakuniambia?"

"Nikikujibu utakasirika."

"Sitakasirika."

"Ndivyo unavyosema siku zote," akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayesema mvua inanyesha. "Alikumbuka lile suala la kiti."

Sikuhitaji kuelezwa. Miaka mitatu nyuma Taratibu aliniambia, tukiwa wawili tu, kwamba kiti nilichomshonea kimeinama kidogo upande wa kushoto. Nilikichukua, nikakipasua kwa wembe mbele yake, nikamwambia atafute fundi anayejua. Sikumsemesha miezi miwili. Kiti kilikuwa kimeinama kweli. Nilikipima baada ya yeye kuondoka.

Binti akaendelea, mikono juu ya lile shati. "Kila siku nilikuwa namwambia, mwambie mjomba. Ananijibu, nitamwambia, nangoja siku amefurahi. Halafu anasema yeye anaujua upepo, atakisia. Asubuhi ile bati lilikuwa linapiga kabla hatujaamka. Nikamwambia, leo usipomwambia nakwenda mwenyewe kijiweni kumwambia. Hapo ndipo alipaza sauti. Alisema nikimwaibisha mjomba wake mbele za watu, mimi na yeye basi. Alipotulia akaahidi. Alisema, sawa, leo nitamwambia."

"Alitaka kuniambia," nikasema.

"Sijui, mjomba. Sikuwepo."

Mimi nilikuwepo. Ili asivuke siku ile ilibidi aseme kwa nini, na pa kusemea palikuwa hapo kijiweni, watu wote wapo, mimi nimeshamcheka. Kuvuka ilikuwa rahisi kuliko kunieleza.

"Na siku niliyokusema sebuleni," nikamuuliza, "mbona hukunijibu? Ulikuwa na jibu."

"Ningejibuje? Yeye alikuwa amekufichia aibu, mimi nitoe siri yake udongo haujakauka? Na mama je? Angekupoteza na wewe. Hana mwingine." Aliliweka shati begini. "Mimi ni mtu wa kuja. Nitarudi kwetu, yataisha. Tafadhali usimwambie."

Nilimtazama yule mtoto wa watu, miaka ishirini na minne, aliyejitwika mzigo wangu siku saba nzima, ananipa na shikamoo. Nikaona haya ambayo sijawahi kuiona katika maisha yangu. Nilifungua mdomo nimwite dada, na dada alikuwa tayari mlangoni, mikono inachuruzika maji, povu mpaka viwikoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Alisimama kwanza?" akaniuliza.

"Nani, dada?"

"Mwanangu. Asubuhi ile, kabla hajavuka. Alisimama?"

"Alisimama."

"Akakuangalia?"

"Akaniangalia."

"Ukamwambia nini?"

Nikamwambia nilichosema, neno kwa neno, pamoja na lile la kushikwa mkono. Nikamwambia na kwamba watu walicheka. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Alijifuta mikono kwenye gauni, mmoja, halafu mwingine, kwa uangalifu, na nilijua kinakuja nini, nikakaza mwili kukipokea.

"Ni mimi," akasema.

"Dada, hapana."

"Ni mimi niliyemlea hivyo. Tangu hajui kutembea vizuri. Nilikuwa namwambia, mjomba wako ana hasira za karibu, akikosea wewe nyamaza, atajirudi mwenyewe. Mtu yeyote akitaka kukusema, namzuia. Walimu, majirani, mke wako mpaka alipoondoka. Nilisema huyu amekua bila mama, mwacheni." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nilidhani namfundisha mtoto adabu."

Alinipita pale kwenye kigoda, akaenda kukaa kitandani kando ya mkwe wake. Akaingiza mkono begini, akatoa lile shati, akatoa gauni, akatoa kanzu ya kulalia, kimoja kimoja, akaviweka mapajani mwake. Binti akamwangukia begani na kuanza kulia kilio ambacho nadhani hakuwa amekilia tangu siku ya kwanza, maana nani angempokea? Dada alimshika kichwa kwa mkono uliokuwa bado na povu. "Nisamehe, mwanangu," alimwambia. "Nisamehe. Mama yako atasubiri."

Mimi nilikuwa bado nimekaa. Kitambaa kilikuwa kati yao na mimi na hakuna aliyekigusa.

"Nigombezeni," nikasema. "Dada. Nitukane. Nifukuze."

Wakainua nyuso, wakaangaliana. Niliujua ule mtazamo. Nimeuona kijiweni, nimeuona kwa wateja wanapopokea viti vyao, nimeuona nyumbani kwangu enzi nina mke. Watu wawili wanaulizana kwa macho, tumwambie? Na kwa macho wanajibiana, acha. Maisha yangu yote nilikuwa nauita heshima.

"Umetembea kwa miguu mpaka huku," dada akasema. "Pumzika kwanza. Kuna maji mtungini."

Nikanywa maji. Nikarudisha kikombe, nikakaa pale mlangoni mpaka jua likazama, nikisubiri mmoja wao aseme neno. Sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile. Binti bado yuko pale, anapika, dada anakula. Kila Jumapili nakwenda, wananikaribisha, wananipa kiti. Bado nasubiri.